Kati ya galaksi na galaksi kuna nini? Jibu kwa mvuvi wa Ujiji

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ujiji, Kigoma. Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Ameniambia kwamba nyota zote tunazoziona usiku ni za galaksi moja tu, yaani mkusanyiko mmoja mkubwa wa nyota, kwamba galaksi ziko nyingi mno, na kwamba kati ya galaksi na galaksi hakuna kitu kabisa. Nikamuuliza: kama hakuna kitu, huo umbali ni wa nini? Kitu kisichokuwepo kinakuwaje na urefu? Akasema pia ulimwengu unatanuka. Unatanukia wapi? Hapo akaniambia baba achana nayo. Naomba unijibu wewe, na uniambie kama haya ni maswali ya sayansi au tuwaachie masheikh na mapadri. Na sisi tusio na mitambo, tunaweza kuona huko nje?"

Marahaba, ndugu yangu. Usiachane nayo. Hilo swali lako la kitu kisichokuwepo kuwa na urefu limewasumbua wanafikra wakubwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na baadhi yao waligombana vibaya kwa ajili yake. Mimi nafundisha fizikia hapa Tabora, na nakiri kwa furaha kwamba ni miongoni mwa maswali mazuri zaidi niliyowahi kupelekewa. Nitakujibu kwa kirefu, maana jibu fupi lingekudhulumu.

Niseme kwanza ninachokiamini, kisha nikuonyeshe kwa nini. Kijana amekosea pale aliposema hakuna kitu. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida, yaani ileile iliyounda maji, dagaa na mwili wako, haimo ndani ya nyota wala ndani ya galaksi. Imo huko katikati. Na hata ukiondoa kila chembe huko, kinachobaki bado ni kitu chenye tabia zake, zinazopimika.

Tuanze na vipimo. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na mwaka wa nuru ni mwendo wake wa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9.5. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka ya nuru kama 100,000. Jirani yetu mkubwa, galaksi ya Andromeda, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Kwa hiyo ukizipanga Njia Nyeupe 25 kwa mstari, umefika. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa nyota. Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4, na nyota iliyo jirani zaidi nalo, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2. Ungehitaji majua karibu milioni 29 yaliyopangwa mstari ili ufike. Watu wengi hudhani nyota zimesongamana na galaksi zimetengana mno. Ukilinganisha kila kitu na ukubwa wake, ni kinyume kabisa: galaksi ni majirani wa karibu, nyota ndizo zilizo mbalimbali.

Hata hivyo safari yenyewe haifanyiki. Chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kingekuwa kinaelekea Andromeda, kingehitaji zaidi ya miaka bilioni 40. Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8.

Sasa kuna nini huko? Chukua chumba cha mita nne kwa nne, urefu wa kwenda juu mita tatu. Hapa Tabora, chumba hicho kina molekuli za hewa ambazo idadi yake ni moja ikifuatwa na sifuri 27. Kihamishe chumba hichohicho hadi sehemu ya wastani ya ulimwengu, mbali na galaksi yoyote. Utakuta ndani yake kama atomi 12, nyingi zikiwa hidrojeni, na nyingi kati ya hizo zimevunjika, elektroni kando na kiini kando. Kumi na mbili tu. Hapo ndipo mtu anaposema "basi ni kama hakuna."

Lakini chumba hicho hakina giza kama unavyodhani. Ndani yake muda wote kuna chembe za nuru karibu bilioni 20 zinazopita. Hizi ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, wenye umri wa miaka 380,000 hivi, pale nuru ilipoweza kwenda mbali kwa mara ya kwanza bila kuzuiwa. Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mwaka 1965 kwamba wamezinasa huko Marekani kwa antena ya redio. Walikuwa wakisikia mvumo usiokoma kutoka kila upande wa anga, na walidhani ni hitilafu ya chombo. Nuru hiyo imepoa sana kwa kutanuka kwa ulimwengu, hadi nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri, ndiyo maana jicho haliioni. Nadharia inasema pia kwamba humo chumbani mna neutrino za zama zilezile, yaani chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu, nazo ni mabilioni.

Hizo atomi 12 nazo zisikudanganye kwa uchache wake. Nafasi iliyo kati ya galaksi ni kubwa kupita kiasi, na hata chembe chache namna hiyo zikijumlishwa kwa ukubwa ule zinazidi uzito wa nyota zote. Nyota zote za ulimwengu, tuonavyo sasa, zina chini ya sehemu moja ya kumi ya maada ya kawaida. Wewe unalijua jambo la namna hii kuliko mimi: usiku wa giza ziwani, taa za mitumbwi zinakuonyesha walipo wavuvi wenzako, hazikuonyeshi ziwa. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 lipo palepale gizani, na dagaa wenyewe wamo humo. Wanafalaki kwa muda mrefu walikuwa wakihesabu taa.

Namna walivyoligundua ziwa hilo inastahili kuelezwa taratibu, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ziko galaksi za mbali sana ambazo kiini chake kinang'aa kupita nyota zote zilizomo. Kiini cha namna hiyo huitwa kwasari. Maarten Schmidt alitambua umbali wa kwanza wa kwasari mwaka 1963, na tangu hapo wataalamu wamezitumia kama taa zilizowekwa nyuma ya pazia. Nuru ya kwasari inaposafiri kuja kwetu hupita kwenye mawingu membamba ya hidrojeni. Hidrojeni isiyovunjika ina tabia ya kumeza rangi moja maalumu ya nuru, na kila wingu humeza rangi hiyo. Kwa kuwa ulimwengu unatanuka, mawimbi ya nuru nayo hurefuka njiani, kwa hiyo kila wingu, kulingana na umbali wake, huacha pengo mahali pake. Ukiichanua nuru ya kwasari moja katika rangi zake utaona mapengo mamia, yamesongamana hata wataalamu wakayaita msitu. Kila pengo ni wingu moja la gesi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuona kitu. Mwali mmoja wa nuru umesafiri miaka bilioni kumi, ukafika na orodha ya kila ulichokipita.

Njia ya pili ni mpya zaidi. Mara kwa mara darubini za redio hunasa mlio mkali kutoka galaksi za mbali, unaodumu sehemu ndogo ya sekunde. Mawimbi yake mafupi na marefu huondoka pamoja, lakini hayafiki pamoja: elektroni zilizotawanyika njiani huyachelewesha yale marefu zaidi. Kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi, ndivyo pengo la muda linavyoongezeka. Kwa hiyo ukipima kuchelewa huko, na ukaijua galaksi mlio ulikotoka, umehesabu elektroni zote zilizo njiani bila kuiona hata moja. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Jean-Pierre Macquart, likitumia madishi 36 ya redio yaliyoko jangwani magharibi mwa Australia, lilichapisha hesabu hiyo. Kabla yake kulikuwa na fumbo la miaka mingi: hesabu za ulimwengu mchanga zilidai kiasi fulani cha maada ya kawaida, lakini wataalamu walipojumlisha yote waliyoyaona karibu nasi, sehemu kubwa ilikosekana. Milio ile ikaonyesha kwamba haikupotea popote. Ilikuwa imetandaa kati ya galaksi na galaksi, nyembamba na ya moto.

Ndiyo, ya moto. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ina joto la nyuzi laki moja hadi milioni kumi. Lakini ungekuwa humo usingeungua, ungeganda. Joto la gesi ni kasi ya chembe zake, na chembe hizi zinakwenda mbio kweli, ila ni chache mno kiasi kwamba zinazokugusa hazitoshi kukupasha chochote.

Haijatandaa sawasawa pia. Kwa nguvu ya uvutano, maada imejikusanya katika kamba ndefu zinazokatizana kama utando, na galaksi nyingi zimeota juu ya kamba hizo, hasa zinapokutana. Kati ya kamba na kamba kuna mapango. Moja liligunduliwa mwaka 1981 upande wa kundinyota la Boötes. Upana wake ni karibu miaka ya nuru milioni 300, na ndani yake zimepatikana galaksi chache sana. Kama kuna mahali ambapo maneno ya kijana wako yanakaribia ukweli, ni humo.

Lakini kati yetu na Andromeda hali ni tofauti. Mwaka 2020 kundi la Nicolas Lehner lilitumia darubini ya anga ya Hubble kutazama kwasari 43 zilizo nyuma ya Andromeda, likaona kwamba galaksi hiyo imezungukwa na blanketi la gesi linalofika miaka ya nuru milioni 1.3 kutoka katikati yake, na upande mwingine hadi milioni 2. Njia Nyeupe nayo inaaminika kuwa na blanketi la namna hiyo. Yapime mwenyewe na umbali wa milioni 2.5. Yanakaribia kugusana, kama hayajagusana tayari. Kwa hiyo ukiuliza galaksi yetu inaishia wapi na huko nje kunaanzia wapi, sina mstari wa kukuonyesha.

Sijataja bado maada giza na nishati giza. Nitapita haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Maada ya kawaida niliyokueleza yote hapo juu ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Asilimia 27 hivi ni maada giza, isiyotoa nuru wala kuimeza, ambayo Fritz Zwicky aliishuku mwaka 1933 alipoona galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kupita uvutano wa vinavyoonekana. Asilimia 68 ni nishati giza, inayofanya kutanuka kwa ulimwengu kuongeze kasi. Makundi mawili ya wataalamu yaliigundua mwaka 1998 na viongozi wake wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Asili ya zote mbili bado ni fumbo.

Sasa swali lako lenyewe. Tuseme tumeondoa vyote: gesi, nuru, neutrino, maada giza. Umebaki umbali mtupu. Ni wa nini?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilitazama swali hili akasema uwazi mtupu hauwezekani. Palipo na urefu pana kitu. Kabla yake Democritus alishasema kinyume: ulimwengu ni atomi na uwazi, na bila uwazi atomi zisingekuwa na pa kwenda. Ugomvi huo ulihamia kwa wanazuoni wa Kiislamu, nao hawakurithi jibu moja tu. Ibn Sina alikuwa upande wa Aristotle. Al-Biruni akamwandikia kumhoji: kama uwazi hauwezekani, kwa nini chupa iliyonyonywa hewa, ukiigeuza mdomo chini majini, maji yanapanda ndani yake? Ndugu yangu, hilo ni jaribio unaloweza kulifanya jioni hii ukiwa umekaa kwenye mtumbwi wako, nalo ni la miaka elfu moja iliyopita. Baadaye Fakhr al-Din al-Razi alikwenda mbali zaidi, akasema nje ya ulimwengu huu panaweza kuwa na uwazi usio na mwisho, na Mungu hashindwi kuumba humo walimwengu maelfu.

Ulaya nao waligombana. Kwa Newton, mwanafizikia wa Uingereza, nafasi ipo yenyewe, vitu viwemo visiwemo. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, akakataa. Kwake, nafasi ni uhusiano wa vitu tu: ukisema Ujiji iko mbali na Tabora unasema habari za Ujiji na Tabora, husemi habari za kitu cha tatu kilicholala katikati. Ondoa vitu vyote, na umbali nao umeondoka. Mwaka 1715 na 1716 alibishana juu ya hilo kwa barua na Samuel Clarke, aliyekuwa akimtetea Newton, hadi Leibniz alipofariki. Swali ulilomuuliza kijana wako, ndugu yangu, lingeingia katika barua zile bila kubadilishwa.

Mwaka 1915 mwanafizikia Albert Einstein akaleta jibu ambalo halikuwa la Newton wala la Leibniz. Nafasi inashiriki. Maada huipinda, nayo huelekeza maada iende wapi. Uvutano unaoushikilia mwezi ni kupinda huko. Na kama nafasi inapindika, basi yaweza pia kutikisika, na mtikisiko wake ukasafiri. Tarehe 14 Septemba 2015 vyombo viwili vya Marekani viitwavyo LIGO vilinasa mtikisiko wa namna hiyo, uliotoka kwenye mashimo meusi mawili (vitu vyenye uvutano mkali hata nuru haitoki ndani yake) yaliyogongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Kila chombo kina mikono miwili ya urefu wa kilomita 4. Wimbi lilipopita, urefu wa mikono hiyo ulibadilika kwa kiasi kilicho kidogo kuliko sehemu moja ya mia ya upana wa protoni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomi.

Fikiria maana yake. Wimbi lile lilivuka nafasi ya kati ya galaksi na galaksi kwa zaidi ya miaka bilioni moja, na halikuhitaji gesi ile wala nuru ile ili lipite. Kilichokuwa kikitikisika ni umbali wenyewe. Kitu kinachoweza kurefuka na kufupika, kikabeba nishati kutoka huko hadi kwenye chombo duniani, siwezi kukiita si kitu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: umbali wa kwenda Andromeda ni urefu wa nafasi, na nafasi ni sehemu ya ulimwengu kama vile nyota zilivyo sehemu yake. Wapo wanafalsafa ambao bado wanabishana kama alichokieleza Einstein ni nafasi yenyewe au ni kitu kingine kilichoenea kila mahali, na hoja zao nzito. Lakini Leibniz akisema ni uhusiano tu wa vitu, basi, mimi siwezi tena kumfuata.

Je, ulimwengu unatanukia wapi? Hautanukii popote. Usifikirie ukingo unaosogea kuingia mahali palipokuwa wazi. Kinachotokea ni kwamba umbali kati ya makundi ya galaksi unaongezeka, kila mahali kwa pamoja: galaksi mbili zilizotengana kwa miaka ya nuru milioni 100 zinaachana kwa kasi ya kilomita elfu mbili na ushee kwa sekunde. Ndani ya galaksi, au kati yetu na Andromeda, uvutano umeshinda na hakuna kutanuka. Andromeda kwa kweli inatusogelea. Najua akili inakataa. Inataka lazima pawe na "nje". Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili hasa jambo hili alipokuwa akiwajibu wanafalsafa: akasema hiyo nje tunayoidai ng'ambo ya ulimwengu ni kazi ya dhana zetu, ambazo zimezoea kwamba nyuma ya kila kitu pana kingine. Hakuwa na darubini wala hesabu za Einstein. Lakini katika nukta hiyo sijaona aliyeieleza vizuri zaidi, na darasani ndiyo ninayoitumia.

Kuhusu kuwaachia masheikh na mapadri: gawanya swali. Kuna nini kati ya galaksi, kiasi gani, kina joto gani, nafasi inapindika vipi, hayo ni ya kupima, na asiyepima asiyasemee. Lakini kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwepo chochote, hilo halimo katika kipimo chochote nilichokutajia. Nasema hivi kwa kuwa siku hizi wapo wanaotangaza kwamba fizikia imethibitisha ulimwengu ulitokea pasipo kitu. Wanachokielezea wao ni ombwe la fizikia, yaani nafasi iliyoondolewa vitu vyote, na hilo bado ni nafasi, lina kanuni, na hata athari zake zinapimika. Hendrik Casimir alitabiri mwaka 1948 kwamba bamba mbili za metali zilizokaribiana sana katika ombwe zitasukumwa pamoja, na mwaka 1997 nguvu hiyo ikapimwa kwa usahihi. Ombwe linalosukuma bamba haliwezi kuwa kutokuwepo kabisa kwa chochote. Wanasayansi wanaoruka hapo wanaingia shamba la watu, kama vile anavyoingia shamba la watu mhubiri anayekataa umri wa nyota. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeeleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, alishikilia misa yake na hesabu zake kwa maisha yote, na alisisitiza kwamba nadharia yake haithibitishi wala haikanushi dini ya mtu.

La mwisho: mnaweza kuona. Na Kigoma mko mahali pazuri kuliko wataalamu wengi wa Ulaya, kwa sababu mko karibu na ikweta na mnaona pande zote mbili za anga.

Chagua usiku usio na mbalamwezi mwishoni mwa Septemba, kama saa saba na nusu usiku. Zima taa au zipe mgongo, na uyape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Ukiiangalia taa mara moja tu unaanza upya. Geukia kaskazini. Juu utaona nyota nne zinazofanya mraba mkubwa. Shika ile ya pembe ya chini kulia, kisha fuata mstari wa nyota kwenda kulia na chini kidogo hadi nyota ya pili, ambayo inang'aa. Hapo kata kushoto kuelekea chini, pita nyota mbili hafifu. Karibu na ile ya pili kuna kiwingu kirefu chenye ukungu. Hiyo ndiyo Andromeda. Abd al-Rahman al-Sufi wa Uajemi alikiandika kiwingu hicho mwaka 964. Nuru unayoiona iliondoka huko kabla ya kuwepo binadamu kama sisi, na yote imepita katika hiyo nafasi unayoiulizia.

Sasa, bila kuondoka uliposimama, geukia kusini moja kwa moja. Kwenye urefu wa kama nyuzi 22 kutoka upeo wa macho utaona kiwingu kingine, kidogo: ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Huko Ulaya hawakioni kabisa. Kwa kuchunguza nyota zinazobadilika mwanga ndani ya kiwingu hicho, kwenye picha zilizopigwa Peru, Henrietta Leavitt alitangaza mwaka 1912 kwamba nyota hizo zinavyochukua muda mrefu zaidi kung'aa na kufifia ndivyo mwanga wake ulivyo mkali zaidi. Hicho kikawa kipimo cha umbali. Edwin Hubble alipoiona nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda mwaka 1923, akajua kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu kabisa. Kabla ya hapo hata mabingwa walikuwa hawajakubaliana kama kuna galaksi nyingine. Jicho lako linaunganisha kipimo na kilichopimwa kwa kugeuka tu.

Na ukiinua uso juu, ukiegemea kusini kidogo, unatazama nje ya galaksi yetu kwa njia fupi kuliko zote. Njia Nyeupe ni bapa kama sahani, na saa hiyo mkanda wake umelala kuzunguka upeo wa macho. Juu yako nyota ni chache kwa sababu unachungulia kupitia unene wa sahani, si upana wake. Nyuma ya nyota hizo chache ndipo panapoanza huko unakokuuliza.

Septemba mara nyingine moshi wa mioto ya misitu huku kwetu hulitia anga ukungu. Likiwa hivyo subiri mvua za kwanza zilisafishe: katikati ya Novemba mkao huohuo wa anga unafika saa nne usiku, ukipata usiku usio na mawingu. Ukiamua kununua darubini ya macho mawili, tazama namba zilizoandikwa juu yake. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kwa vitu hafifu upana ndio unaokusanya nuru. Ukiwa kwenye mtumbwi chukua 7x50, maana ukuzaji mkubwa hutikisa picha chombo kinapoyumba. Kijana akikaa nchi kavu na viwiko vyake vimeegemea mahali, 10x50 itamwonyesha zaidi.